Darasa la mapishi ya Austria Mikindani: kupanga unga, kodiani na wageni

Ukitaka kuwafundisha wasafiri mapishi ya Austria huku muziki ukipigwa papo hapo, usianze kwa kutafuta wapiga muziki. Anza na donge la unga. Strudel, ule unga mwembamba unaoviringishwa na tunda ndani ukaokwa, ina saa zake: kuna wakati inataka mikono yote mezani, na kuna wakati inataka iachwe ilale. Muziki uweke kwenye ule wakati wa kulala. Darasa ambalo kodiani inalia mwanzo mpaka mwisho huishia mwalimu akipaza sauti, wageni wakipiga picha, na wasaidizi ndio wanaopika. Mgeni kalipia kujifunza, basi aondoke anajua kitu kwa mikono yake.

Mimi ni mpishi wa hapa Mikindani, mkoani Mtwara. Mapishi haya niliyapata kwenye jiko la hoteli moja Zanzibar, chini ya mpishi mkuu wa Kiaustria aliyekuwa mkali mno kwa habari ya unga, na sasa nafundisha kwenye ua wa nyumba ya wageni, hatua chache kutoka baharini. Wanaokuja ni mchanganyiko. Wapo wapiga mbizi wanaotoka Msimbati, wapo Wazungu waliokuja kuliona boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, lakini wengi ni Watanzania wenzetu: watu wa korosho, walimu waliokuja semina, familia zilizoteremka kutoka Dar. Hawa wa kwetu ndio nawapenda zaidi darasani. Hawaogopi moto wa mkaa, na aliyezoea kusukuma manda za sambusa anaelewa strudel kabla sijamaliza sentensi.

Vyakula vitatu, visizidi

Schnitzel, yaani nyama iliyopondwa ikavikwa chenga za mkate na kukaangwa, saladi ya viazi na strudel vinatosha mchana mzima. Watu watakuomba uongeze Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya mayai inayochanwachanwa kikaangoni ikanyunyiziwa sukari ya unga. Iweke akiba kwa darasa la watoto, maana ni ya haraka na kuharibika si rahisi. Sisi tunaila na mabungo yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa mazito, badala ya plamu za kwao, na uchachu wake unakaa mahali pake kabisa.

Uliza mapema nani hali nini. Nguruwe haingii kwenye jiko langu, na zabibu kavu naziloweka kwenye chai ya rangi yenye mdalasini badala ya ramu. Mgeni wa Ulaya hajawahi kulalamika.

Donge na khanga

Panga meza za watu wanne wanne, kila meza strudel yake. Kwa meza moja pima gramu 250 za unga wa ngano, mililita 125 za maji ya uvuguvugu, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya alizeti, chumvi kidogo na kijiko cha chai cha siki. Yai halina kazi hapa. Siki ndiyo inayolegeza unga uvutike bila kukatika. Wakande kwa kupokezana, dakika 10 kwa jumla, wakilipigapiga donge mezani bila huruma, mpaka liache kunata na ukilibonyeza kwa kidole lirudi lenyewe. Lipake mafuta, lifunikie sufuria uliyoipasha moto kidogo, liache nusu saa. Wakati wa baridi ya Juni na Julai lipe saa nzima.

Hapo ndipo muziki wa kwanza unapoingia, nitaufikia.

Nusu saa ikiisha, tandika khanga mezani. Iwe kuukuu, iliyofuliwa mara nyingi kwa sabuni isiyo na manukato. Khanga mpya bado ina wanga na rangi yake itahamia kwenye chakula. Nyunyiza unga juu yake, weka donge, lisukume kwa fimbo ya chapati mpaka lifikie upana wa sinia. Kisha mwambie kila mtu avue pete, bangili na saa. Mikono inaingia chini ya unga, viganja vikitazama meza, na unavuta kwa migongo ya mikono, kutoka katikati kwenda pembeni, watu wanne wakiizunguka meza taratibu. Usivute kwa ncha za vidole, kucha zinatoboa.

Kule Vienna, mji mkuu wa Austria, husemwa kwamba unga wa strudel uwe mwembamba kiasi cha kusoma gazeti lililo chini yake. Sisi tunasoma khanga. Yangu ya kazi imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na naitandika maandishi yakae katikati ya meza. Kwanza unaona kivuli tu cheusi chini ya unga. Wanazunguka mara moja, herufi za kati zinaanza kujitokeza, ile J na ile M ya mwenyeji. Wanazunguka tena, na mtu mmoja anaanza kusoma kwa sauti bila kuambiwa. Ikisomeka yote, mkono uache. Tundu dogo likitokea lipuuze, kwa sababu litafichwa kwenye mkunjo. Kingo nene za pembeni zikate kwa kisu, usizionee huruma, zikibaki zitakuwa ngumu mdomoni.

Nawaambia wageni pia kwamba mapishi ya strudel ya zamani zaidi yanayojulikana yaliandikwa kwa mkono mwaka 1696, na daftari lake limo kwenye maktaba ya jiji la Vienna. Namna hii ya kuufanya unga uwe mwembamba hivi inahusishwa na Waturuki, waliotawala nchi jirani za huko kwa muda mrefu. Watu wa mwambao hawashangai, wanajua vyakula vinasafiri na vyombo.

Cha kujazia kwao ni matufaha machachu. Hapa matufaha yanafika kwa bei, na mara nyingi ni matamu tu. Msimu wa embe, tumia embe zilizoanza kugeuka rangi lakini bado ngumu. Kilo moja kwa meza moja, zimenywe na kukatwa vipande vyembamba, zikamuliwe ndimu, ziongezwe gramu 80 za sukari, mdalasini na zabibu. Pembeni kaanga gramu 100 za chenga za mkate mkavu kwenye gramu 60 za siagi mpaka ziwe rangi ya dhahabu, uchanganye na korosho zilizokatwakatwa. Chenga hizi ndizo zinazonywa maji ya tunda. Embe ina maji kuliko tufaha, kwa hiyo ongeza konzi moja ya chenga. Atakayekuambia utumie mabibo kwa kuwa msimu wake yamejaa, mkatalie kwa upole. Yana ukakasi mno.

Tandaza chenga kwanza, tunda juu yake, upande mmoja wa unga, uache theluthi mbili tupu na kuzipaka siagi. Shika pindo la khanga kwa mikono miwili na uinue: strudel inajiviringisha yenyewe. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 190 kwa dakika 35 mpaka 40. Asiye nayo aizungushe kama kata ya kubebea ndoo, ikae ndani ya sufuria pana iliyopakwa siagi, apalie moto juu na chini, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Mimi naipenda zaidi ya mkaa. Kila baada ya robo saa funua, paka siagi, funika.

Nyama na ngoma

Huko Austria, ukiandika Wiener Schnitzel kwenye menyu, nyama iwe ya ndama. Ikiwa nyingine lazima useme. Nami naandika ubaoni "kwa mtindo wa Vienna", kwa kuwa ndama hapatikani kila siku na mara nyingi natumia kidari cha kuku. Ukienda buchani asubuhi na mapema, mwambie muuzaji akupe steki ya paja la ndani, aikate kukatiza nyuzi za nyama.

Nyama inapondwa mpaka unene wa milimita nne hivi, ikiwa katikati ya mifuko miwili ya nailoni safi, kwa kitako cha sufuria ndogo nzito. Hapa ndipo pekee ninaporuhusu ngoma wakati wa kazi. Kijana wa dumbaki anakaa karibu na meza na kupiga mapigo matatu matatu, la kwanza zito, mawili mepesi. Wageni wanaponda kwenye lile zito tu. Wenye hasira ya kuponda haraka wanapunguza, wanaoogopa wanaongeza, na nyama inatoka sawasawa meza zote. Ngoma hapa inafanya kazi ya mwalimu.

Kisha unga, yai lililopigwa kidogo, chenga za mkate, kwa mpangilio huo. Chenga usizikandamize. Zikikandamizwa zinashika nyama, na schnitzel nzuri ganda lake linainuka na kujikunja peke yake. Samli au mafuta yawe mengi, nyama ielee, moto wa nyuzi 170 hivi: tupia chenga moja, ikichemka mara moja mafuta yako tayari. Tikisa kikaango mafuta yapite juu ya nyama. Dakika mbili kila upande zinatosha.

Mafuta yakiwa jikoni muziki unanyamaza. Nalisema tangu mwanzo na wanamuziki wangu wanalijua. Mtu akisikia wimbo anaoupenda anageuka, na kikaango hakitaki mtu aliyegeuka.

Saladi ya viazi ni ya haraka. Chemsha viazi na maganda, menya vikiwa vya moto, kata, mwagia supu ya mifupa ya moto yenye siki, haradali na kitunguu, mafuta mwishoni. Mayonezi hapana. Watu watakuomba, nawe ushikilie.

Muziki wenyewe

Muziki wa vilabu vya mvinyo vya Vienna una jina la ndugu wawili, Johann na Josef Schrammel, walioanza kupiga pamoja mwaka 1878: fidla mbili na gitaa kubwa la besi. Baadaye ikaongezwa klarineti ndogo, na baadaye tena kodiani ikachukua nafasi ya klarineti. Sasa angalia kikundi cha taarabu ya zamani: fidla, kodiani, dumbaki. Vyombo unavyovihitaji viko mwambao tayari. Kuna zita pia huko kwao, ya kulazwa mapajani au mezani na kudonolewa nyuzi, na aliyewahi kuona ganuni ikipigwa ataitambua.

Basi usihangaike kutafuta mtaalamu wa Vienna. Tafuta mzee wa taarabu. Wetu tunamwita Babu, na siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo Babu, nataka mwendo wa tatu, lakini polepole, watu wanakanda unga." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu, hiyo ni chakacha iliyolala." Akapiga. Ilikuwa walsi kamili, ile dansi ya Vienna ya mapigo matatu, kwa kuwa chakacha nayo inahesabika tatu tatu, na mkono wake unaijua tangu ujana.

Wimbo wa kwanza upigwe donge linapolala, na hapo wafundishe wageni hatua za walsi, moja zito, mbili, tatu, wawili wawili au kila mtu peke yake kwa asiyependa kushikwa. Uliza kwanza, usimwoanishe mtu. Wakati wa kuvuta unga, fidla peke yake na kwa sauti ya chini. Strudel ikiwa motoni na nyama imeshatoka kikaangoni, kikundi chote kipige. Sindimba iwe ya mwisho, watu wameshakula, na ichezewe nje ya ua, kwa maana inatimua vumbi. Mwombe kiongozi wa kikundi aeleze mwenyewe ngoma hiyo ni ya nani na huchezwa lini kwa Wamakonde. Anajua kuliko wewe.

Saa na malipo

Anza saa nane mchana, mle kabla ya saa kumi na moja, muziki uishe kabla ya adhana ya magharibi. Mikindani misikiti iko jirani, na hata ya alasiri, saa kumi kasoro, kodiani inafungwa mpaka adhana iishe. Wageni wakielezwa wananyamaza wenyewe, na wengi huuliza maswali mazuri hapo. Mwezi wa Ramadhani sifundishi mchana.

Wapishi na wasaidizi wawe na vyeti vya kupimwa afya, na leseni ya halmashauri iwe mahali panapoonekana. Umeme ukikatika usisimamishe darasa, ndiyo maana mkaa na mtungi wa gesi viwe tayari siku zote.

Bei ipange hivi: jumlisha vyakula, moto, wasaidizi na wanamuziki, kisha gawa kwa watu wanane hata kama meza zako zinachukua 12. Siku wanne wasipotokea hutadaiwa. Wanamuziki wapatane na wewe bei kabla, wapewe nusu wakifika na nusu wakimaliza, na wale kabla ya kupiga. Usiwaachie watembeze kofia kwa wageni, hiyo ni kuwavunjia heshima watu uliowaita kazini.

Strudel inayobaki mfungie mgeni kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa nailoni. Mwambie kesho asubuhi aipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila mfuniko, ganda lirudi kukauka.