Namna ya Kupiga Mbizi kwenye Meli Iliyozama Karibu na Pwani

Fika ufukweni mapema, na kabla ya kuvaa chochote keti uitazame bahari kwa muda usiopungua dakika 15. Mawimbi huja kwa mafungu: hupita kadhaa madogo, hufuata machache makubwa, kisha maji hutulia kidogo, na ni katika utulivu huo ndipo utakapoingia. Angalia pia mahali ambapo mawimbi hayavunjiki huku povu na mchanga vikielekea baharini, kwa sababu hapo pana mkondo unaotoka, na anayepachukulia kuwa ni mlango salama huvutwa mbali kabla hajajiweka sawa. Chagua pa kutokea kwanza, kisha pa kuingilia, kisha pa pili pa kutokea iwapo pale pa awali pataharibika. Mwamba uliofunikwa wakati maji yamejaa huenda ukawa wazi, wenye makali na utelezi, maji yakishakupwa, nawe utakuwa unarudi umechoka, na mtungi wa hewa mgongoni. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda na kushuka sana na mikondo hupata nguvu; kwa anayeanza, siku za maji mafu ni bora zaidi, tena ashuke maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa.

Nasisitiza ufukwe kwa sababu meli iliyo karibu na nchi kavu huwafanya watu wajiandae kidogo kuliko inavyopasa. Mfano maarufu ni Liberty, meli ya mizigo ya Marekani iliyopigwa topido na nyambizi ya Japani mwezi wa Januari 1942, ikavutwa hadi ufukwe wa Tulamben katika kisiwa cha Bali, ikakaa hapo mpaka mlipuko wa volkano ya Agung mwaka 1963 ulipoisukuma majini. Leo mtu huifikia kwa kuogelea mwendo mfupi kutoka kwenye mawe ya ufukweni, lakini sehemu zake za chini ziko karibu na mita 30, ilhali cheti cha kwanza cha upigaji mbizi kwa kawaida humruhusu mtu kufika mita 18 tu.

Unapoingia, jaketi la kuelea liwe na hewa kiasi, miwani iwe usoni na regulata, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, iwe mdomoni tangu maji yanapofika magotini. Penye mchanga, buruta nyayo badala ya kuziinua, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia humo akusikie na kuondoka. Ukiangushwa na wimbi usihangaike kusimama. Lala kifudifudi uogelee, au utambae ikiwa unatoka. Mkishavuka mawimbi, vaeni mapezi huku mmoja akimshika mwenziwe, pimeni kwa dira uelekeo wa kurudi pwani, kisha ogeleeni juu ya maji hadi karibu na meli, ili hewa ya mtungi isiliwe na safari.

Hesabu ya hewa ifanyike nchi kavu, kwa kalamu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una hewa ya lita 2,400. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta lita 60 akiwa mita 20, kwani huko shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, na mtungi mzima ungekauka kwa dakika 40. Gawa hewa hiyo mafungu matatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiyoguswa, ambayo ni ya mwenzako, maana regulata yake ikiharibika mtarudi nyote wawili kwa mtungi wako. Theluthi moja ni lita 800, yaani dakika 13 hivi kwa kina hicho. Geji ikisoma bar 133 safari ya kwenda imekwisha. Mimi hugeuka kwenye bar 140, na yeyote anayetangulia kufikia kiwango hicho huwageuza wote bila mjadala.

Kwenye meli, anza kwa kwenda kinyume cha mkondo ili urudi ukisukumwa nao. Zunguka kwa nje, umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye chuma, na uwe na kisu kidogo mahali ambapo mkono wowote unafika, kwa ajili ya nyavu na mishipi iliyonasa. Washa tochi hata mchana: maji hunyonya rangi nyekundu katika mita chache za mwanzo, na ubavu uliokuwa ukionekana wa kijivu mara hujaa sponji za rangi ya damu na ya machungwa. Kwa maoni yangu, kuifuata rafadha, tezi (sehemu ya nyuma ya meli) na mlingoti ulioanguka kwa utulivu hutosha kabisa kwa mbizi kadhaa za mwanzo.

Ndani ni habari nyingine. Tope lililotua kwa miaka mingi ni jepesi kama unga. Ncha ya pezi ikiligusa mara moja, linainuka, na mwanga wa tochi unakurudia usoni kama ukuta mweupe, huku mapovu yako yakibandua kutu darini. Meli ya Zenobia, iliyozama mwaka 1980 karibu na Larnaca huko Kupro, imelala ubavu, hivyo ukuta umekuwa sakafu na milango imekuwa mashimo, jambo linalompoteza hata mwenye dira. Usiingie bila mafunzo maalumu, kamba ya kukurudisha na tochi ya akiba. Usivute kamwe hewa iliyonaswa chini ya dari, kwani kutu hula oksijeni.

Usichukue kitu. Thistlegorm, iliyozamishwa kwa mabomu katika Bahari ya Shamu mwezi wa Oktoba 1941 ikiwa na malori na pikipiki za jeshi la Uingereza, imepoteza vifaa vingi mikononi mwa wageni waliotaka kumbukumbu, ilhali humo walikufa watu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda mabaki yaliyokaa chini ya maji angalau miaka 100, na nchi nyingi zina sheria kali zaidi. Risasi na mabomu yasiguswe hata kwa kidole.

Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, bila kuzuia pumzi. Hapa pwani ina neema yake, kwani mteremko wa sakafu hukupandisha polepole, na kituo cha dakika tatu kwenye mita 5 unaweza kukipitisha ukitazama matumbawe. Palipo na vyombo vinavyopita, tanguliza boya. Ibuka kabla ya eneo la mawimbi, lihesabu fungu lake, na regulata ibaki mdomoni mpaka maji yawe chini ya magoti. Kama utasafiri kwa ndege, ngoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, au 18 baada ya mbizi kadhaa, kisha andika katika daftari lako mkondo ulikoelekea na bar zilizobaki mtungini.