Mbwa akizidiwa usiku: somo kwa sisi wa Goma

Usiku mbwa wangu alipokula sumu ya panya, veterineri (daktari wa wanyama) aliishi dakika ishirini tu kwa moto (pikipiki). Lakini courant (umeme) ilikuwa imekatika tangu asubuhi, simu imezima, na namba yake ilikuwa ndani ya simu hiyohiyo. Kulipokucha mbwa alikuwa ameshakufa. Ndiyo maana naanzia kwenye karatasi, si kwenye dawa.

Hatua ya 1. Andika kwa kalamu namba za veterineri wawili, ubandike ukutani. Ongea mapema na motari (dereva wa pikipiki) unayemzoea. Wengi hukataa mbwa anayevuja damu, wala siwalaumu. Weka tayari gunia safi na kikwembe cha zamani cha kumbebea.

Hatua ya 2. Mjue angali mzima. Bonyeza ufizi wake kwa kidole: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Akitulia huhema mara 15 hadi 30 kwa dakika. Joto lake ni kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo 38.5 inayokutia wasiwasi kwa mtoto, kwake ni uzima.

Hatua ya 3. Sanduku: gozi (kitambaa laini cha kufunikia kidonda), bandeji, glavu, mkasi, kipimajoto, tochi, maji safi ya chumvi ya kuoshea vidonda, na utepe wa kitambaa wa kumfunga mdomo, maana hata mpole huuma akiumia. Usimfunge anayetapika au anayehema kwa shida. Paracetamol na ibuprofen zako zikae mbali, kwake ni sumu. Mawe yetu ya volkano hukata nyayo vibaya: kandamiza gozi dakika 5 bila kuchungulia.

Hatua ya 4. Mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini kwenye volkano yetu. Kwa hili hakuna sanduku. Hewa hiyo ya kaboni dioksidi ni nzito, hutuama mabondeni, hasa alfajiri kabla ya upepo, na mbwa pua yake iko chini kuliko yako. Akianguka shimoni upande wa Bulengo, usishuke kumchukua. Kama ana kamba na unaifikia ukiwa juu, vuta. Kama haiwezekani, mwache. Najua ninachokuomba.

MASWALI

Mama wa Himbi: Sisi humnywesha mawese akila sumu. Ni vibaya?
Ndiyo, mama. Mafuta hupotea njia yakaingia mapafuni, hasa akiwa anatetemeka. Usimtapishe pia kabla ya kuongea na veterineri. Makala (makaa) ya jikoni nayo usimpe, si ile ya dawa.

Kijana wa Ndosho: Wangu alikula dawa ya panya jana, leo anacheza. Nisubiri?
Usisubiri, mdogo wangu. Nyingi huzuia damu kuganda, na kuvuja huonekana baada ya siku 3 hadi 5. Mpeleke leo na paketi yake. Kwa aina hiyo kuna dawa yake, vitamini K1. Iliyomuua wangu ilikuwa ya kutetemesha, hiyo haingoji siku.

Papa wa Katindo: Akishikwa na degedege nimtie kijiko mdomoni?
Hapana, papa. Ondoa mawe karibu na kichwa chake, tazama saa. Zikipita dakika 5, mwite motari.

Mama wa Himbi tena: Na akiniuma nikimsaidia? Hana chanjo.
Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa atakungoja, mama.