Namna ya kupashana makala na vitabu kwenye grupu la WhatsApp bila kuwamalizia watu mega

Magrupu mengi ya wasomaji hapa Lubumbashi hufa kifo kimoja. Viungo vinamiminika asubuhi hadi usiku, hakuna anayevifungua, mwishowe kila mtu ananyamazisha grupu na kubaki ndani kwa heshima tu. Chanzo ni kwamba anayetuma hajasoma, na anayetumiwa ndiye anayetoa mega zake (MB za intaneti alizolipia) ili ajue kama kitu kina maana. Mwongozo huu unageuza mzigo huo. Anayetuma asome kwanza, apime uzito, kisha aeleze.

Hatua ya 1: Soma hadi mwisho, kisha tafuta mwaka

Kichwa cha makala hakitoshi, na aya ya kwanza pia haitoshi. Mara nyingi jambo zito limekaa katikati, na mara nyingine mwandishi anageuka kabisa katika aya mbili za mwisho.

Ukishamaliza, tafuta tarehe. Usitegemee tarehe iliyo juu ya ukurasa peke yake, maana tovuti nyingi huweka pale tarehe ya leo. Tazama chini ya jina la mwandishi, au ndani ya anwani yenyewe, ambako mwaka huonekana kama /2012/11/. Mashariki mwa nchi yetu jambo hili si dogo. Volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, ililipuka Januari 2002, ikalipuka tena Mei 2021. Waasi wa M23 waliingia Goma Novemba 2012, wakaingia tena Januari 2025. Makala yenye kichwa kinachotangaza mojawapo ya mambo hayo, ikitumwa bila mwaka, inaweza kumfanya mtu wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye ndugu Goma asilale usiku kucha kwa habari iliyozeeka.

Kama umeipata makala kwenye ujumbe wenye mishale miwili, ule WhatsApp inaoutambua kuwa umepitishwa mara nyingi, rudi kwenye chanzo kabla ya kuutuma. Usinakili maneno yake ili alama ipotee. Alama ile inawasaidia wasomaji wako.

Hatua ya 2: Safisha kiungo

Kiungo kilichotoka Facebook au kwenye barua ya matangazo huwa na mkia mrefu unaoanza na alama ya kuuliza, kisha maneno kama utm_source au fbclid. Mkia huo ni wa kufuatilia wasomaji, hauna kazi kwako. Futa kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho, kisha jaribu kukifungua. Jaribu kweli, kwa sababu tovuti nyingine huweka namba ya makala mle mle, kwa mfano ?id=345 au ?p=345; ukiifuta, msomaji anaangukia ukurasa wa mwanzo na anadhani umemdanganya.

Ukishabandika kiungo, subiri sekunde chache hadi kisanduku chenye picha na kichwa cha makala kijitokeze, ndipo utume. Kisanduku hicho hutengenezwa na simu ya anayetuma. Ukiwahi kubonyeza wakati mtandao ni dhaifu, wenzako watapata anwani tupu.

Viungo vilivyofupishwa viache. Msomaji hawezi kuona anakopelekwa, na huduma ya kufupisha ikifungwa, kumbukumbu yote ya grupu inakufa nayo.

Hatua ya 3: Pima uzito, kisha uutaje

Ukurasa wa gazeti wenye picha na matangazo unaweza kula mega kadhaa, ingawa maneno yenyewe hayafiki hata sehemu ndogo ya mega moja. Kwa makala ndefu iliyo wazi kwa wote, tengeneza PDF: kwenye Chrome ya simu bonyeza nukta tatu, chagua Shiriki, kisha Chapisha, halafu uihifadhi kama PDF. Fungua faili uhakikishe kwamba nusu ya maandishi haikufunikwa na lile tangazo la kuomba ruhusa ya vidakuzi (cookies). Hilo ndilo kosa la kawaida; funga tangazo kwanza, teremka hadi chini ili picha zote zipakiwe, ndipo uchapishe.

Kwa vitabu, EPUB (faili ya kitabu cha kusomea kwenye simu) ya riwaya isiyo na picha huwa nyepesi kuliko kitu kingine chochote, mara nyingi chini ya mega 1. PDF iliyopigwa kwa skana ni habari nyingine: kurasa 200 za rangi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) zinaweza kupita mega 100. Ukiwa wewe ndiye unayepiga skana, tumia rangi ya kijivu na dpi 150 hadi 200. Chini ya 150 maelezo ya chini ya ukurasa hayasomeki, na herufi za Kifaransa zenye alama, é na è, zinachanganyika.

Jaribio la haraka: bonyeza neno moja ndani ya PDF kwa muda. Lisipochaguliwa, faili ni picha tupu, hakuna kutafuta neno ndani yake. Liseme hilo.

WhatsApp inakubali faili hadi giga 2, lakini kukubaliwa si ruhusa. Kikomo cha busara kwa grupu ni mega 10. Kinachozidi hapo, weka kiungo tu na uandike uzito wake, mwenye kifurushi cha mega za usiku ataamua mwenyewe. Tena wakumbushe wanachama wapya kuzima upakuaji wa kujiendesha: Mipangilio, kisha Hifadhi na data, ondoa alama kwenye hati na video. Alama ikibaki, hata mtu asiyetaka kitabu anakilipia.

Hatua ya 4: Andika maelezo

Hapa ndipo kazi ilipo. Maelezo mazuri ni yale yanayomfaa hata yule ambaye hatafungua faili kamwe. Maneno 60 hadi 100 yanatosha. Yakizidi sana WhatsApp inayakata na kuweka «soma zaidi», na wengi hawabonyezi.

Weka kwa mpangilio huu: jina la kazi kwa lugha yake, mwandishi, mwaka, lugha, uzito au idadi ya kurasa, kisha inasema nini, kisha inamfaa nani, kisha ugumu wake uko wapi. Kipengele hiki cha mwisho watu hukiruka, wakiogopa kuwakimbiza wasomaji. Kumbe msomaji aliyeonywa kwamba sura ya pili ni nzito huivumilia, na asiyeonywa hukiacha kitabu pale pale. Sifa za jumla kama «kitabu kizuri sana, lazima usome» zifute zote. Hazimwambii mtu lolote.

Mfano kamili:

*Vocabulaire de ville de Elisabethville*
André Yav, 1965. Kiswahili cha hapa hapa, ingawa kichwa ni cha Kifaransa.
Historia ya mji wetu (Elisabethville ni jina la zamani la Lubumbashi) tangu kuja kwa wazungu, imeandikwa kwa upande wa maboyi waliofanya kazi katika nyumba zao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Iko bure mtandaoni kwenye Archives of Popular Swahili.
Inamfaa anayechoka na historia ya magavana.
Ugumu: tahajia haifuati kanuni za shule. Soma kwa sauti, sikio litaelewa kabla ya jicho.
#kitabu #historia #katanga

Nyota pande zote mbili za jina hulifanya litoke kwa herufi nzito. Ukikosea tahajia una dakika 15 za kuhariri ujumbe.

Kwa makala, ongeza jambo moja: sentensi yenye hoja kuu, kwa maneno yako, hata kama hukubaliani nayo. Maoni yako yakae mstari wa mwisho, peke yake, ili mtu asichanganye ulichosema wewe na alichosema mwandishi.

Hatua ya 5: Chagua wakati na swali

Makala mbili kwa wiki, kitabu kimoja kwa wiki mbili. Grupu lenye pupa kuliko hapo halisomi, linakusanya.

Mkipanga mazungumzo, andika saa kwa tarakimu na utaje mji: «19:00 ya Lubumbashi». Saa ya Goma na Bukavu ni sawa na yetu, Kinshasa wako nyuma kwa saa nzima. Ukiandika «saa moja jioni», wapo watakaohesabu kwa Kifaransa na kukosa kabisa.

Swali la «Muko na maoni gani?» halina jibu. Uliza kitu chenye kingo: ukurasa gani ulikufanya usimame? Ni nani humu ambaye jamaa yake alifanya kazi Union Minière, kampuni ya zamani ya migodi, na je, anayosema mwandishi yanalingana na ya nyumbani kwenu? Hata ambaye hajasoma anaweza kuingia hapo.

Hatua ya 6: Tunza orodha

Anayejiunga leo haoni yaliyotumwa mwaka jana. Weka karatasi ya jedwali mtandaoni, safu tano: jina, mwandishi, mwaka, kiungo, aliyependekeza. Kiungo cha jedwali kiingie kwenye maelezo ya grupu, si kwenye ujumbe uliobanwa juu, kwa sababu kubana hudumu siku 30 tu kwa mara moja. Faili zipewe majina ya kueleweka, Yav_1965_Vocabulaire.pdf, siyo scan0003. Hashtag zibaki zile zile kila mara. Mmoja akiandika #kitabu na mwingine #vitabu, utafutaji unagawanyika.

PDF za wizi

Zitakuja tu. Sheria ya Kongo ya haki za waandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, na kitabu kipya kilichopigwa skana kinazunguka bila ruhusa ya mtu. Anayekituma mwambie inbox, si mbele ya watu, halafu mpe njia nyingine. Tovuti za Gallica na Wikisource zina vitabu vya Kifaransa ambavyo haki zake zimekwisha, Persée ina majarida ya zamani bure, na kwenye OpenEdition makala nyingi zinasomeka wazi mtandaoni hata pale ambapo PDF yake inalipiwa. Kwa riwaya mpya, uliza kwanza mediateki ya Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Kifaransa hapa mjini, kisha azima.

Nakala ya karatasi inayozunguka kati ya komini zetu za Kenya, Kampemba na Ruashi inahitaji daftari la mtu mmoja: nani anayo, tangu lini, inakwenda kwa nani. Siku 14 kwa kila msomaji. Funika jalada kwa plastiki kabla ya msimu wa mvua, na kitabu kisipitishwe na mtu wa tatu asiyeandikwa humo daftarini, kwa sababu huko ndiko vinakopotelea.