Maganda ya Moto Kutoka kwa Jirani Kwenye Uwanja wa Shabaha

Bunduki na bastola nyingi zinazojipakia hutupa maganda ya risasi, yakiwa ya moto, upande wa kulia. Kwa hiyo anayekuunguza ni jirani wa kushoto. Ukiweza, omba nafasi ya mwisho kabisa kushoto, au ukae kuliani kwa mwenye rivolva (bastola ya silinda inayozunguka), maana rivolva haitupi ganda.

Vaa fulana ya shingo ya duara inayobana. Kola iliyo wazi hulipeleka ganda moja kwa moja kifuani. Kofia yenye ukingo wa mbele ishushe hadi iguse miwani ya kinga. Pengo la juu ya miwani ndilo baya kuliko yote: ganda likinasa hapo huunguza kope. Viatu viwe vya kufunika, si ndala.

Likikuingia nguoni, usigeuke wala kurukaruka! Mtutu ubaki kwenye shabaha, kidole kitoke kwenye triga, weka silaha mezani, ndipo uvute shati nje ya suruali ganda lidondoke. Alama ndogo ya moto hupona. Risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya hairudi.

Yakizidi, mwombe msimamizi akuhamishe au aweke wavu kati yenu. Viwanja vingi vya ndani Marekani vina vizuizi kati ya wapigaji, lakini maganda huweza kugonga ukuta na kurudi.