Kikwapa kisichoisha hata ukioga: nenda kapimwe

Kama unaoga vizuri, unabadilisha nguo na bado kikwapa hakiishi, usijione mchafu. Muone daktari. Jasho lenyewe karibu halina harufu. Harufu huja bakteria wa kwenye ngozi wanapolivunjavunja.

Kabla ya kwenda, simama penye mwanga uvikague vinyweleo vya kwapa. Ukiona vimegandwa na utando wa manjano kama nta, usiotoka kwa sabuni, mara nyingi hao ni bakteria, na tiba ni nyepesi: kunyoa na dawa ya kupaka. Inaniuma sana mtu akihangaika miaka na manukato kwa kitu kama hicho.

Siku ya miadi usipake deodoranti, ili daktari aikute hali halisi. Taja dawa zote unazotumia, na harufu ilianza lini. Ikiwa imebadilika ghafla, unaloa jasho usiku au unapungua uzito bila sababu, usichelewe. Huenda ukapimwa sukari, tezi ya thairoidi na figo. Harufu ya samaki mwili mzima ni jambo jingine, nalo hupimwa kwenye mkojo.