Choo cha nyungunyungu: fanya hivi usijitafutie magonjwa

Jamani kwanza tuelewane, nazungumzia nyungunyungu wale wa kuvulia samaki, sio minyoo ya tumboni. Mimi niko Moshi huku Kibosho, shimo letu lilijaa na gari la maji taka haliwezi kupita njia ya kihambani (shamba la nyumbani la Kichaga), ndo nikajaribu hii: nyungunyungu wanakula kinyesi chooni na kukigeuza udongo.

Sio nyungunyungu yeyote tu. Wale wakubwa wanaochimba chini shambani hawafai, tafuta wembamba wekundu, fukua samadi iliyopoa nyuma ya zizi utawakuta wamejisokota kama tambi. Kilo moja inatosha kuanzia kwa familia (nilipima kwa mzani wa maharage, mke wangu mpaka leo hajanisamehe).

Jenga vyumba viwili vya tofali chini ya choo, mbali na kisima, mita 30 kwenda mbele. Chini kokoto, juu maranda na majani makavu ya mgomba yaliyoloweshwa, afu ndo unawamwaga, wape samadi kidogo wiki mbili wazoee. Mkojo uwe na njia yake pembeni maana chumvi na amonia vinawaua, na pawe na unyevu wa sponji iliyokamuliwa, sio tope.

Na JIVU USIWEKE. Mama yangu kazoea choo cha shimo, akamwaga ndoo nzima ya jivu kukata harufu, kesho yake nafunua nakuta wamekwea ukutani, wengine wamekauka kabisa. Nikaanza upya. Dawa za kusafishia choo nazo hapana, sugua na brashi na maji basi.

Hapa ndo watu wanadanganyana: uchafu ukishakuwa udongo mweusi usionuka wanadhani uko salama. Nyungunyungu wanapunguza vijidudu ila mayai ya askaris (minyoo ya tumboni) ni magumu, yanauawa na muda. Kwahiyo chumba kikijaa kifunge, hamia cha pili, cha kwanza usikiongezee kitu. Shirika la Afya Duniani wanasema zaidi ya mwaka kama joto ni nyuzi 20 kwenda juu, sehemu za baridi mwaka na nusu mpaka miwili, na sisi wa huku mlimani tunajua Julai ilivyo, mimi nakaa na miwili.

Ukitoa huo udongo vaa gambuti na glovu, nawa na sabuni, fukia kwenye mashina ya migomba au kahawa. Mchicha na karoti hapana, hata kama jirani anakuambia yeye anaweka.