SOMO: Chaza wa nazi kama tunavyowapika bandani kwetu Gazi, pwani ya kusini ya Kenya

Naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Banda letu ni la nyumbani: mama anapika, mimi na kaka tunabandua chaza na kuhudumia wateja. Kila wikendi simu haitulii, "Dada, wale chaza wenu mnawafanyaje?" Haya.

1. Ngoja bamvua. Maji yakipwa sana, mizizi ya mikoko hubaki wazi na chaza unawaona. Maji mafu, yaani yasiyopwa sana, kaa nyumbani.

2. Vaa viatu na glavu nene, bandua kwa kisu kifupi kigumu. Mzizi usikatwe! Mikoko ya hapa iko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hati za kaboni (malipo ya kuhifadhi mikoko kwa sababu inanyonya hewa ukaa) tangu 2013, na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Ukionekana na panga huko, mimi sikujui.

3. Sugua tope. Aliye wazi mgonge, asipojifunga, mtupe.

4. Sufuriani na kikombe cha maji, funika, moto mkali hadi wafunguke. Aliyekataa kufunguka, mtupe. Toa nyama. Yale maji chuja kwa kitambaa, uyaweke.

5. Kaanga kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya na bizari.

6. Hapa ndipo chungu kinapoharibika, basi soma polepole. Tia kwanza tui la pili pamoja na yale maji ya chaza, lichemke hadi lipungue. Kisha punguza moto, tia tui la kwanza na ukoroge bila kuacha mkono; ukiikimbilia simu, tui linakatika, na halirudi. Likianza kutokota, ndipo chaza waingie, dakika mbili, epua. Walishaiva kwenye hatua ya 4, ukiwatia mapema utatafuna mpira. NA CHUMVI USITIE mpaka uonje: chaza wamekuja na bahari yao, na umeitia sufuriani tayari. Ndimu ni baada ya kuepua tu.

7. Wali.

MASWALI

Mla Wali: Nimefuata yote lakini ni chumvi tupu. Recipe yako ina kasoro.
— Ulitia chumvi lini?
Mla Wali: Mwanzoni, na vitunguu, kama kawaida.
— Hatua ya 6. Niliandika kwa herufi kubwa.

Kijana wa Tudor: Huku kwetu Mombasa wamejaa kwenye mikoko. Niokote tu?
— Hapana. Chaza anakula kwa kuchuja maji, na maji machafu ya mji yanaishia humo humo kwenye mkono wa bahari. Nunua kwa mtu unayejua alikowatoa.

Mama Salha: Samahani dada, nyanya yangu alikuwa anatukataza chaza baada ya mvua kubwa. Ilikuwa imani tu?
— Shikamoo kwa nyanya, mama! Alikuwa sahihi. Mvua kubwa huteremsha uchafu wa vyoo na mashamba hadi mkondoni, na chaza anaubeba mwilini. Kuchemsha vizuri kunaua vijidudu vingi, ila kuna sumu ya mwani mdogo sana wa baharini ambayo moto hauiondoi. Kwa hiyo bahari ikibadilika rangi, sisi tunapika samaki au kuku. Wateja wananung'unika, wanakula.

Bwana Mapishi: Tui la pakiti je?
— Litafaa. Lianze na maji kidogo, ukoroge vilevile.

Mama Salha: Na nikiwanunua asubuhi, nipike jioni?
— Wafunike kwa gunia lililolowa, kivulini. Usiwatumbukize kwenye maji ya bomba, maji yasiyo na chumvi yanawaua.

Mfugaji: Maganda mnayafanyia nini?
— Tunayaosha, tunayaanika, tunayatwanga, kuku wanakula na mayai yanakuwa na ganda gumu. Mabaki, wazee wa kijiji hapa walikuwa wakiyachoma kupata chokaa ya kujengea.
Mfugaji: Yatwangwe laini kiasi gani?
— Kama mchele, si unga. Unga unapeperuka wote kabla hawajaugusa.